Namna ya Kuvaa Hedifoni za Gharama Bila Kusumbuliwa na Muziki

Hedifoni za fasheni hazivaliwi masikioni. Hilo lieleweke mapema, maana wengi wanaharibu hapo hapo mwanzoni: wananunua kitu cha laki kadhaa, wanajifunika nacho masikio, wanafumba macho, na abiria wenzao kwenye mwendokasi wanabaki wakidhani jamaa amesinzia. Mahali pake ni shingoni, vikombe vimegeuzwa ili nembo iwatazame watu, mkanda umelalia kola. Zikiwa shingoni muziki huusikii, ni kweli, lakini hukutoka nyumbani kwa ajili hiyo.

Rangi ifuate viatu. Kama zina waya, waya uingie mfukoni hata kama mfukoni hakuna simu. Na ukisalimiwa, usijibu mara ya kwanza. Subiri usalimiwe tena, ndipo ushtuke, uinue kikombe kimoja kwa vidole viwili na kuuliza, “Eti?” Najua tumesema ziko shingoni. Inua hivyo hivyo.

Shule hii ina walimu wake. Mwaka 2008 Dr. Dre na mwenzake Jimmy Iovine walileta sokoni Beats Studio, hedifoni za besi nzito zilizotengenezwa pamoja na Monster, kampuni iliyokuwa imejijengea jina kwa kuuza nyaya za bei mbaya. Zilikuwa zinatumia betri mbili ndogo, na betri zikiisha hazikutoa sauti hata chembe, waya uchomeke usichomeke. Wajuzi wa sauti walicheka sana. Hawakung’amua kwamba shingoni betri haina kazi. Mwaka huo huo LeBron James aliwagawia hedifoni hizo wenzake wa timu ya Marekani ya mpira wa kikapu waliokuwa wakielekea Olimpiki ya Beijing, na picha zao wakiwa nazo zikafanya kazi ambayo hakuna mhandisi angeifanya. London mwaka 2012 wanamichezo wa Uingereza nao wakapata za kwao, zenye rangi za bendera.

Kilele kilikuwa 2014. Ligi ya mpira wa Kimarekani, iliyokuwa na mkataba na Bose, ilimtoza mchezaji wake Colin Kaepernick faini ya dola 10,000 kwa kuwakabili waandishi wa habari akiwa na Beats za pinki shingoni. Baadaye akajitokeza tena nazo, nembo imezibwa kwa utepe, na hakuna aliyekosea kuzitambua. Zingatia: shingoni. Dola 10,000 kwa tangazo la nchi nzima ni bei ya kutupa. Mwaka huo huo, kabla ya faini hiyo, Apple ilikuwa imeshainunua kampuni nzima kwa dola bilioni 3, na tangu hapo swali la kama zilikuwa na sauti nzuri limebaki la watu wasio na shughuli.

Sasa tukanunue. Kariakoo, muuzaji anapasua nailoni ya boksi kwa ukucha wa kidole gumba, anakuvalisha yeye mwenyewe, kisha anaachia wimbo ule ule anaompigia kila mteja, wenye besi ya kutikisa magego, sauti imefika mwisho.

“Unaisikia hiyo, bosi?”

Unaitikia kwa kichwa, maana ukifungua mdomo hutajisikia.

“Og hiyo, mzigo wa Dubai. Ukiingia duka lile la kioo wanakupiga laki nne. Mimi nakufanyia themanini.”

“Hamsini.”

“Kaka, leta sitini na tano nikufungie.”

Usiulize kwa nini jina kwenye boksi lina herufi moja zaidi ya ile uliyoizoea. Mvaa shingoni hutazamwa kutoka mita tatu, na kwa mita tatu tahajia haina madhara. Wala usimwombe apunguze sauti ili usikie vizuri. Tangu mwaka 1933, Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell walionyesha kwamba sikio la binadamu huipoteza besi sauti ikiwa ndogo, na besi hurudi kadiri sauti inavyopanda. Ndiyo maana karibu kila kitu kikipigwa kwa nguvu huonekana kimeiva. Muuzaji hajawahi kusikia habari za Fletcher wala Munson, ila kazi yao anaifanya kila siku kuanzia saa tatu asubuhi.

Itafika siku fasheni itakuchosha. Hapo unaruhusiwa kuhamia kambi ya pili, ya wajuzi wa sauti, ambao wanatambulika kwa kutotoka nje. Ada ya kiingilio ni kuidharau Beats. Usizisikilize kwanza, hata hizi za miaka ya karibuni ambazo hazifanani na zile za 2008. Ukisikiliza unaweza ukazipenda, na hapo utakuwa umejiharibia jina kabla hujalipata. Ukiziona kwenye shingo ya kijana, vuta pumzi na useme, “Besi tupu.”

Kisha jifunze lugha. Besi haiwi nyingi wala kidogo. Inakuwa kavu, au imelegea. Mwimbaji haimbi, amekaa mbele au amekaa nyuma. Gitaa lina hewa. Wimbo una upana, una kina, na wakati mwingine una giza. Ukiishiwa, sema “inategemea umeichomeka wapi,” sentensi ambayo haijawahi kupingwa popote.

Na ni kweli inategemea, ndiyo sababu unatakiwa ununue hedifoni ambazo simu yako haiziwezi. Chukua Sennheiser HD 600, ambayo imekuwepo tangu 1997 na kusema haki ni nzuri. Ukinzani wake ni ohm 300, simu inaisukuma kwa kuhema. Kuhema kwa simu kunakupa sababu ya kununua amplifaya. Amplifaya inakupa sababu ya kununua kisanduku cha kugeuza namba za dijitali kuwa umeme wa sauti. Kisanduku kinahitaji waya, waya unahitaji uwe wa fedha safi, na waya wa fedha unahitaji mke au mume asiyejua bei. Kuna kiadapta cha Apple cha dola 9, kifupi kuliko kiganja, kinachofanya kazi ya kisanduku hicho. Waliokipima kwa mitambo walikuta uchafu wa sauti yake ni mdogo kuliko sikio linavyoweza kugundua. Ukikutwa nacho, sema ni cha mtoto.

Mwisho wa barabara hii ni Sennheiser HE 1, iliyotangazwa mwaka 2015 kwa bei ya takriban euro 50,000. Amplifaya yake imekaa ndani ya marumaru ya Carrara, na ukiiwasha, valvu nane za kioo zinapanda taratibu kutoka ndani ya jiwe. Kampuni inasema inafika hadi hertz 100,000. Binadamu aliyezaliwa na masikio mazima anaishia hertz 20,000 hivi, tena akiwa kijana. Akifika umri ambao watu huwa na euro 50,000 za kuchezea, sauti za juu kabisa zimeshamtoroka. Hertz zinazobaki si hasara. Popo wa kwenye mwembe wako atafaidi.

Mtambo ukishakamilika, tafuta kitu cha kuupigia. Utaratibu uliozoeleka ni huu: wimbo unatolewa YouTube kwa programu ya bure, unageuzwa kuwa MP3, unatumwa kwenye WhatsApp, anayeupokea anaurusha kwenye kundi la ukoo, na shemeji yako anakutumia wewe kwa Bluetooth. Kila mlango unaopitia unaweza kuudondoshea kipande. Hicho kilichobaki ndicho utakachokifanyia mjadala wa sampuli 44,100 kwa sekunde dhidi ya 192,000. Kama unataka heshima zaidi, ingia kwenye kale. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, kwenye santuri ambazo sauti za juu hazikupata nafasi. Mpigie mgeni wako, nyamaza dakika nzima, halafu useme, “Umesikia hewa ile?” Mikwaruzo ya santuri ataisikia kwa usafi usio na kifani.

Hedifoni zikiwa mpya, usizisifu bado. Zinatakiwa “kufunguka”. Ziache juu ya meza zikipiga mvumo mtupu kwa saa mia au mia mbili, mchana na usiku, wewe ukipita na kuzitazama. Sponji za masikio ni kweli hulainika zikivaliwa, na kichwa chako hakika huzoea sauti mpya. Kinachofunguka zaidi ni mnunuzi: saa mia mbili zikiisha, muda wa kurudisha mzigo dukani nao huwa umekwisha.

Jambo moja tu liepukwe kama deni la duka, nalo ni kupimwa bila kujua unasikiliza kipi. Mwaka 2007 Brad Meyer na David Moran walichapisha matokeo ya majaribio ya namna hiyo huko Marekani. Wasikilizaji, wakiwemo mafundi wa kurekodi, walipigiwa rekodi za ubora wa juu, kisha rekodi zile zile zikiwa zimepitishwa kwenye kipimo cha CD ya kawaida, bila kuambiwa ipi ni ipi. Kati ya majaribio 554 walipatia 276. Shilingi ikirushwa hewani ingepata 277. Halafu mwaka 2017 Jeroen Breebaart akalinganisha vipimo vya hedifoni 283 na bei zake, akitafuta kama bei inaeleza chochote kuhusu mpangilio wa besi na sauti za juu. Haikueleza. Kwa hiyo mtu akikuletea kitambaa cha kukufunga macho na kipimo cha kusawazisha ukubwa wa sauti, mwambie masikio yako yamechoka leo. Wavaa shingoni hawana tatizo hili. Hakuna anayewafunga macho, kwa kuwa ugomvi wao wote uko kwenye kuonekana, na wamekubali hivyo tangu mwanzo. Hapo wanawazidi wajuzi kwa uaminifu.

Kuna pia hedifoni za aibu, ambazo lazima uzifiche wageni wakija. Ya kwanza ni Sony MDR-7506. Imetoka 1991, waya wake umejikunja kunja, ina kibandiko cha bluu, na bei yake kwa miaka mingi imekuwa karibu na dola 100. Imekaa masikioni mwa mafundi wa studio, redio na filamu kwa zaidi ya miaka 30, kwa hiyo yawezekana kabisa wimbo unaoujadili ulipitia humo kabla hujaununulia mtambo. Ngozi yake ya bandia huanza kubanduka baada ya muda. Ukiona mtu ana vipande vyeusi kama ugoro pembeni mwa masikio, jua ametoka kazini. Nyingine ni Koss Porta Pro ya 1984, ya vyuma vyembamba na sponji, inayong’oa nywele kila ukiirekebisha na bado inawatia wivu wenye za bei mara kumi.

Sehemu inayofuata isomwe haraka, maana ina manufaa. Besi ya hedifoni inashikwa na kuziba kwake. Miwani yenye mikono minene ikipita chini ya sponji, upepo unatoka na besi inaondoka nao. Hijabu, rasta na kofia iliyoshuka hadi masikioni zinaweza kufanya vivyo hivyo. Zile za kuingiza ndani ya sikio huja na vipira vya saizi tatu, na walio wengi hutumia vya katikati walivyovikuta vimevalishwa. Vikubwa na vidogo hubaki kwenye boksi hadi boksi linatupwa. Mtu huyo atalalamika kwamba hakuna besi, na badala ya kubadili kipira cha shilingi sifuri atabadili hedifoni. Usimwambie. Uchumi wa Kariakoo unamtegemea.

Habari ya afya tusiifanyie mzaha sana. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 inavumilika kwa saa 40 kwa wiki, na kila ikipanda kidogo tu muda huo unakatika kwa kasi. Daladala yenye redio ya dereva, honi na kondakta anayeita Mbagala dirishani inakulazimisha upandishe ili umzidi. Ukiendelea hivyo miaka kadhaa, utaingia daraja ambalo hakuna mjuzi anayeweza kukubishia, kwa kuwa hutamsikia.

Limebaki swali moja litakalokujia ukiwa kambi yoyote, na linawavuruga hata wakongwe. Mtoto, au mama mmoja mzee mliyekaa naye kiti kimoja, atakugusa bega na kukuuliza unasikiliza nini. Usibabaike, wala usihangaike kutafuta jina la msanii. Mtajie jina la hedifoni.