Fuwele Haipendi Kuchunguliwa

Katika maabara yetu ya eksirei, mwenye bahati kuliko wote ni yule asiyekuja kazini. Yupo Mgiriki mmoja, mwanafunzi wa uzamivu, ambaye mtindo wake tunaujua sote: anayeyusha kemikali zake, anamimina kwenye kichupa, anakifunika kwa karatasi ya aluminiamu, anaitoboa kwa pini, anakisukuma nyuma ya rafu, kisha anakwenda kwao kula samaki. Akirejea, amebabuka kwa jua na kichupani mna fuwele safi, kingo zimenyooka, nyuso zinameremeta. Sisi tunaoshinda hapo tangu asubuhi hadi usiku, tunaoinua vichupa kwenye taa kila baada ya kikombe cha chai, tunaambulia unga.

Na unga hatuna kazi nao. Nyumbani Tanga ukisema unafanya kazi kwenye eksirei kila mtu anaelewa, na hapo ndipo tabu inapoanza. Shangazi ameshaniomba nimtazamie goti lake. Nimemweleza, hakunielewa, sasa anadhani naringa. Mashine yetu haina habari na goti la mtu. Inataka fuwele moja nzima, isiyozidi robo ya milimita, iliyonatishwa kwa tone la mafuta kwenye kitanzi kidogo cha nailoni. Inaizungusha mbele ya mwale huku ikiipulizia gesi ya naitrojeni yenye baridi ya nyuzi 173 chini ya sifuri. Mwale ukipita katikati ya safu za atomu unatawanyika na kuacha madoa kwenye kitambuzi, na kutokana na mahali na ukali wa madoa hayo kompyuta inakwambia kila atomu imekaa wapi.

Fuwele hiyo moja ndiyo inayotutoa roho. Kiyeyusho kikikauka haraka, molekuli zinagombania nafasi kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni: huyu dirishani, yule mlangoni, mwisho hakuna aliyekaa sawasawa. Kikikauka polepole zinapanda moja moja, kila moja inashika kiti chake, na safu inajipanga mpaka nyuma. Ukitikisa kichupa umepiga honi.

Ukishalijua hilo, utaona kwamba maabara ya watu wengi ni mahali pabaya kuliko pote pa kukuzia fuwele. Yetu iko chini ya ardhi, katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza; chumba kimoja, mashine moja, makabila matatu. Watu wa protini wanatembea kwa kunyata. Fuwele zao karibu nusu yake ni maji, ukizigusa vibaya kwa sindano zinafumuka, na mtu akibamiza mlango hawamsalimii mpaka Ijumaa. Wanajiolojia hawana wasiwasi hata chembe. Fuwele zao zilimaliza kukua kabla binadamu hajaja duniani. Wao wanagonga jiwe, wanachagua kipande, wanapima, wanakwenda zao kunywa bia. Sisi wanakemia tuko katikati, na kilio chetu ni kile kile: nani amegusa kichupa changu?

Msiba mkubwa wa mwaka jana uliletwa na mtu mwema. Mwanafunzi mgeni, kijana mwenye malezi mazuri, alisikia wakaguzi wa usalama wanakuja, akadamka kusafisha rafu. Alitoa kichupa kimoja kimoja, akakipangusa kwa kitambaa chenye asetoni, akavipanga kwa kimo, vifupi mbele, virefu nyuma. Fuwele zilizokuwa zimetulia kwa wiki nyingi zikatikiswa zote kwa asubuhi moja. Na kwa kuwa asetoni hufuta wino, majina nayo yakaenda. Wakaguzi waliisifia sana rafu ile. Sisi wenyewe tulisimama mbele yake bila kujua kipi cha nani.

“Samahani,” kijana alisema. “Nilidhani vimesahaulika.”

“Ndiyo,” fundi wa maabara akamjibu kwa upole. “Ndivyo vilivyotakiwa viwe.”

Halafu kuna mlango wa mashine. Kwa usalama wetu, ukiufungua ghafla bila kubonyeza kitufe chake kwanza, mwale unakatika papo hapo na kazi ya usiku mzima inasimama. Mlango wenyewe una kidirisha kinachozuia miale, kwa hiyo ya ndani unayaona ukiwa nje. Bado watu wanaufungua. Ukiwauliza kwa nini, jibu ni moja: “Nilitaka kuona kama inaendelea.” Ilikuwa inaendelea. Mlangoni hapo pana matangazo matatu. La kwanza linasema “Tafadhali usifungue.” La pili linasema “Usifungue.” La tatu limeanza na jina la mtu, na lililofuata fundi amelibandika karatasi juu, kwa kulinda heshima ya chuo.

Lakini usije ukadhani mashine ikiachwa peke yake inapata busara. Wikiendi moja naitrojeni iliisha kwenye tangi usiku wa Jumamosi. Baridi ikakatika, mafuta yaliyoganda yakalainika, fuwele ya dada mmoja wa protini ikateleza kwenye kitanzi na kuanguka pasipojulikana. Mashine haikujali. Iliendelea kuzungusha kitanzi kitupu na kupiga picha za hewa hadi Jumatatu asubuhi, kwa bidii ambayo hakuna mtumishi wa chuo aliyewahi kuionyesha.

Wazee wa fani nao wana imani zao. Kemikali ikikataa kuganda, wanasema, mwite profesa mwenye ndevu apite karibu na chupa. Vumbi la fuwele za miaka yote ya kazi limelala ndevuni. Punje moja ikidondoka, mbegu imepandwa. Tunacheka, ila waliokuwa wakitengeneza ritonavir, dawa ya kupambana na virusi vya UKIMWI, hawakuwa na la kucheka mwaka 1998. Dawa ile ile ilianza kuganda kwa umbo jipya la fuwele, gumu kuyeyuka, na umbo hilo lilipokwisha kuingia kiwandani, kulipata tena lile la zamani kukawa kazi. Kapsuli zikaondolewa sokoni, dawa ikabidi itengenezwe kwa namna nyingine. Tangu nisome habari hizo, profesa wetu, ambaye ndevu zake zinafika kifuani, akiinamia kichupa changu huwa sijui nimkaribishe au nimsukume.

Mfano wa subira tunaopewa kila tukilalamikia foleni ya mashine ni Dorothy Hodgkin. Alianza kuzipiga picha fuwele za insulini mwaka 1934, akalipata umbo lake mwaka 1969. Miaka 35! Katikati ya hapo alifumbua penisilini na vitamini B12, na habari ya Tuzo yake ya Nobel ya mwaka 1964 ilimkuta Ghana. Wenzangu wanasoma hapo fundisho la uvumilivu. Mimi nasoma kwamba hata Nobel ilimjia akiwa mbali na maabara. Na kule Naica, nchini Meksiko, wachimba madini waliingia mwaka 2000 katika pango lenye fuwele za jasi zinazofika urefu wa mita 11 hivi. Zilikuwa zimekaa ndani ya maji ya moto kwa malaki ya miaka, bila mwanafunzi hata mmoja wa kuja kuchungulia.

Nikaamua kumuiga Mgiriki. Nilifunika kichupa, nikakitoboa tundu, nikakificha nyuma ya rafu na kwenda Tanga likizo. Niliporudi, fuwele zilikuwepo! Nono, za pembe mraba, hazina ufa. Niliziweka chini ya hadubini, kati ya vile vichujio viwili vya mwanga ambapo fuwele nyingi hung'aa na kuzima kila unapozizungusha. Hizi zilibaki nyeusi tii, uzigeuze utakavyo. Fundi alichungulia, akakohoa kidogo, akanyamaza.

Kwenye mashine hatukuhitaji hata usiku mmoja. Picha chache tu, kompyuta ikatoa vipimo vya kijisanduku kinachojirudia ndani ya fuwele: mchemraba kamili, kila upande angstromu 5.64, yaani chini ya sehemu moja ya milioni ya milimita.

“Hongera,” fundi alisema. “Chumvi.”

Chumvi ya mezani, mabaki ya kemikali zangu mwenyewe. Nilikuwa nimechelewa kidogo, maana William Bragg na mwanawe Lawrence walishaifumbua mwaka 1913, wakapewa Nobel mwaka 1915, mwana akiwa na miaka 25. Hata wa kunibishia sikubaki naye. Wao angalau walimpata mkemia Henry Armstrong, ambaye mwaka 1927 bado alikuwa akifoka katika jarida la Nature, hataki kusikia kwamba ndani ya chumvi hamna molekuli, ila sodiamu na klorini zimepangwa kwa zamu.

Nilimpigia mama simu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Hiyo kazi yako imefika wapi?”

“Nimepata fuwele, mama, lakini ni chumvi.”

“Chumvi hii hii ya mchuzi?”

“Hiyo hiyo.”

Alicheka mpaka akapaliwa. “Sasa chumvi si huku ipo, baba? Watu wanaingiza maji ya bahari shambani, wanayaachia jua, wanakwenda zao. Wakirudi wanazoa. Na hao hawajavuka hata Pangani.”

Juzi msimamizi wangu ameniuliza sampuli inayofuata imefikia wapi. Nimemjibu kwamba iko nyuma ya rafu, sijui ni kichupa kipi, na nisingependa mtu yeyote ajue kabla ya Krismasi.