Hotuba ya Kumuaga Mheshimiwa Mtihani

Ndugu wana Ifakara, nanyi mliovuka daraja kutoka Lupiro, nanyi mlioteremka na treni kutoka Mlimba bila kujua mtarudi nayo saa ngapi:

Hakuna aliyenituma kumsifu mzee huyu, na hilo peke yake lithibitishe kwamba sifa zangu hazijalipiwa. Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi, ambaye mitaani tunamwita darasa la saba tu, yuko mbioni kustaafu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la 2023, imeamua shule ya msingi iwe ya miaka sita na elimu ya lazima iwe ya miaka kumi. Kwa mpango uliotangazwa, 2027 ndio mwaka wake wa mwisho kazini. Mtumishi wa kawaida akifikia hapo hupikiwa pilau, hupewa mabati na kitenge cha mkewe, na walewale waliomsengenya ofisini husimama mmoja mmoja kueleza jinsi pengo lake lisivyozibika. Yeye hakuna aliyemwandalia hata soda. Niruhusuni basi nisimame mimi.

Sifa yake ya kwanza ni kwamba hufika. Msicheke. Katika bonde hili, kufika ni fadhila kubwa. Karibu kila Septemba, asubuhi ileile anapoingia madarasani Oysterbay kule Dar es Salaam, yuko pia Mofu, yuko Chita, yuko Utengule na Masagati. Huja katika bahasha zenye lakiri, ndani ya sanduku lenye kufuli, akisindikizwa na askari mwenye silaha, na kusimamiwa na walimu waliotolewa shule nyingine ili wasije wakamwonea mtoto huruma. Kabla ya Daraja la Magufuli, lililozinduliwa mwaka 2018, waliokwenda Ulanga waliuvuka Mto Kilombero kwa hisani ya kivuko, na mmesahau nini kilikipata kivuko kile Januari 2016? Kilizama. Lakini mtihani haujapata kuahirishwa Mahenge kwa sababu eti karatasi zinasubiri upepo utulie.

Sasa mlinganisheni na wenzake. Madawati yameahidiwa. Mwalimu wa Hisabati ameombwa kwa barua, zikajibiwa kwa barua. Vitabu hufika pungufu, watoto wakasoma kwa zamu, mmoja akisoma ukurasa wa kushoto na mwenzake wa kulia. Katika huduma zote ambazo serikali humpelekea mtoto wa mkulima, ni mtihani pekee unaofika kamili, kwa wakati, kila mtoto na nakala yake, na penseli ikikaguliwa kama imechongwa. Ningekuwa mtoto wa Masagati ningeamini serikali ndiyo hiyo: kitu kinachokuja na bunduki siku mbili, kinauliza maswali, kinaondoka.

Tena hana upendeleo. Hapa sitanii. Mtahiniwa kwake ni namba, hana ukoo, hana mjomba wizarani. Mtoto aliyekulia Namawala, ambaye baba yake hajui hata jina la afisa elimu, anaweza kumpita mtoto wa meneja wa kiwanda cha sukari kule Kidatu na kupangiwa Mzumbe au Kilakala, na hakuna simu itakayopigwa kubadilisha. Imewahi kutokea na itaendelea kutokea, na wanaotaka mitihani ifutwe kesho asubuhi watuambie kwanza ni nani atakayechagua badala yake. Mimi nawajua wanakamati wa kijiji changu. Nachagua mtihani.

Sifa ya pili ni ujuzi wake wa majira. Amechagua Septemba, wakati barabara zimekauka na mpunga umeshaingia maguniani. Busara iliyoje! Ila miezi ya masika, mpunga unapotoa masuke, familia nyingi hapa huhamia mashambani, na mtoto hupandishwa kwenye dungu kuamia ndege. Anapigana na kwelea kwelea alfajiri, ngedere mchana, nguruwe pori usiku. Darasani jina lake linaitwa, linajibiwa na ukimya. Septemba ikifika, Mheshimiwa hamuulizi ulikuwa wapi. Hana umbea. Humwekea swali lilelile alilomwekea aliyekaa darasani mwaka mzima na kurudi nyumbani kwa mwalimu wa twisheni. Hiyo ndiyo haki sawa, na mtu akisema miguu ya wakimbiaji hawa haikuanzia mstari mmoja, huyo analeta siasa kwenye michezo.

Na maswali yake, jamani. Hebu mpeni mtoto wa Mlimba swali la namna hii: treni iliondoka Dar es Salaam saa kumi jioni ikaenda kwa mwendo wa kilomita kadhaa kwa saa, je, ilifika Mlimba saa ngapi? Mtoto wa Masaki atagawanya na kupata jibu. Mtoto wa Mlimba amezaliwa kando ya reli ya TAZARA. Amelala stesheni na mama yake na kapu la ndizi. Anajua kwamba treni inaweza kufika usiku, inaweza kufika kesho, inaweza kusimama Kidatu mpaka abiria wakafahamiana na kuoana. Anatazama A, anatazama B, anashuka mpaka E. Jibu sahihi halimo. Anakosa alama kwa sababu ya kujua kupita kiasi, na Mheshimiwa, kwa upole wake, hamwambii hivyo.

Lakini pia ni mkarimu. Tangu mwaka 2012 majibu husilibwa kwenye fomu maalumu na kusomwa na kompyuta. Kusiliba ni neema. Anayesiliba huku amefumba macho, katika swali lenye herufi tano, ana bahati moja katika kila tano, na kompyuta haijui kutofautisha bahati na akili. Hata sisi watu wazima hutushinda. Ukarimu huo wa herufi ulikuwa umekwishajulikana: mwaka huohuo wa 2012 serikali yenyewe ilikiri kwamba zaidi ya wanafunzi 5,000 walioingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma wala kuandika. Watu wakapiga kelele. Mimi niliona heshima kubwa kwa mtihani unaoweza kumfaulisha mtu ambaye hajausoma.

Uimara wake sasa. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na humo alimkemea mzee wetu waziwazi: kwamba shule zimekuwa mahali pa kuandaa wachache watakaopita, na wengi wanaobaki wanaonekana walioshindwa, ilhali ndio wenye nchi. Mtumishi mwingine angejiuzulu. Yeye alingoja. Mwaka 1973 likaundwa Baraza la Mitihani kwa sheria, akapata ofisi. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likataka kazi za mwanafunzi za mwaka mzima nazo zihesabiwe, asiachiwe mtihani pekee kuamua. Akaitikia, akainama, upepo ukapita. Kisasi chake kilikuwa cha kistaarabu sana: alimfanya Mwalimu kuwa swali. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa mwaka gani? Siliba herufi ya jibu sahihi. Mtoto akikariri 1967 anapata alama yake, na yaliyoandikwa ndani ya kijitabu kile hayamhusu.

Uchumi wa mji huu nao unadaiwa naye shukrani. Kabla yake hupita mitihani ya utimilifu, ya kata, ya wilaya, ya mkoa, na kila mmoja lazima uchapwe, na kuchapa ni fedha. Watoto wa darasa la saba huwekwa kambi. Mzazi anachanga mchele, maharage, kuni, na kitu kidogo cha walimu. Wenye mashine za kunakili wanaona Agosti kama mkulima anavyoona Juni. Darasa la tano wanaachwa wafukuzane uwanjani kwa sababu mwalimu wao yuko kambini, lakini hilo ni la darasa la tano.

Na nionyesheni waraka mwingine wa serikali unaopendwa kiasi cha kuibwa! Mwaka 2018 alivuja. Matokeo ya shule za Halmashauri ya Chemba na shule kadhaa za kwingineko yakafutwa, watoto wakarudia Oktoba. Wakubwa walifikia kuhatarisha ajira zao ili kumwona siku moja mapema. Tangu nizaliwe sijasikia mtu amekamatwa usiku akivujisha kitabu cha Jiografia.

Nisisahau kipaji chake cha kuchekesha. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali hufundishwa Sayansi kwa Kiswahili. Mheshimiwa humpima kwa Kiswahili, akamkuta ameelewa usanisinuru, akamtunuku. Tuzo yenyewe ni kidato cha kwanza, ambako usanisinuru ataukuta upya kwa Kiingereza na hatautambua. Tunawachuja kwa uangalifu wale walioelewa, kisha tunawapeleka mahali pa kuanza kutoelewa. Sijui nchi nyingine inayowatunza wanafunzi wake bora kwa ucheshi wa namna hii.

Nifike sasa kwenye sifa kuu, na kwa hiyo naomba ruhusa ya kuwazungumzia mbu.

Ifakara haijulikani duniani kwa mchele tu. Tangu maabara ya Waswisi ilipoanzishwa hapa katika miaka ya 1950, hiyo ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, mbu wa bonde la Kilombero wamepimwa kuliko mtoto yeyote wa shule. Na upimaji wao ni wa viwango vya Shirika la Afya Duniani, sawa kila nchi. Mbu kati ya 20 na 25 huingizwa katika mrija wenye karatasi iliyopakwa dawa. Wanakaa humo saa moja. Wanahamishiwa mrija safi, wanapewa maji ya sukari, na baada ya saa 24 wanahesabiwa. Wakifa asilimia 98 au zaidi, dawa ni nzuri. Wakifa chini ya asilimia 90, basi mbu wamejenga usugu, na watafiti wanakunja nyuso.

Angalieni kinachofuata. Mbu wakinusurika, hakuna anayewaandikia mbu barua ya kuwasuta. Hawaitwi wazembe. Wazazi wao hawaitwi kikaoni. Kinachoandikwa kwenye ripoti ni kwamba dawa imeshindwa, na wenye viwanda vya vyandarua wanaanza kutafuta dawa nyingine. Mtihani ni wa mbu, matokeo ni ya dawa.

Mheshimiwa wetu ni muungwana kuliko hapo. Anaingia katika chumba chenye watoto waliofundishwa na mwalimu mmoja wa masomo matatu, kitabu kimoja kwa kundi, choo hakuna, masika ilipita kwenye dungu, na mafuriko ya Mto Lumemo yaliondoka na madaftari ya baadhi yao. Anapima. Yote hayo anayaona, kwa maana yote yamo kwenye majibu. Kisha anatoka na karatasi yenye vitu viwili tu: namba ya mtahiniwa, na pembeni yake herufi D. Waziri hakutajwa. Aliyekula fedha za matundu ya vyoo hakutajwa. Mimi niliyemkalisha mwanangu shambani mwezi mzima sikutajwa. Fedheha ya nchi nzima anaibeba mtoto wa miaka 13, naye kwa umri wake anaamini kweli ni yake.

Mara moja tu siri hii ilitaka kufichuka. Ni pale ndugu yake wa kidato cha nne, katika matokeo ya mwaka 2012, alipowapa sifuri zaidi ya nusu ya watahiniwa. Wengi mno! Watu wakaanza kuishuku dawa. Waziri Mkuu Pinda akaunda tume, na Mei 2013 matokeo yakapangwa upya. Waliofeli wakapungua bila yeyote kurudi darasani hata siku moja. Mbu wa Kilombero hawajapata kutendewa hivyo.

Msihuzunike sana anapoondoka. Wakenya walimzika mzee wao, mtihani wa KCPE, mwaka 2023, na kabla kaburi halijakauka mdogo wake wa darasa la sita alikuwa ameshapata kiti. Wetu naye ana ukoo: upimaji wa darasa la nne yupo, wa kidato cha pili yupo, na wa kidato cha nne ana afya njema.

Zawadi ninayoiomba ni ndogo, na haimhusu yeye bali wasaidizi wake. Gari linalomleta lisiuzwe mnadani. Askari yule asihamishwe, kufuli isitupwe, na orodha inayojua kila shule ya Masagati ina watoto wangapi isifungiwe kabatini. Barabara wameshaijua. Januari wapakie vitabu, nakala moja kwa kila mtoto, wavitie lakiri, wavifikishe asubuhi moja bonde zima. Askari akiona aibu kulinda Hisabati ya darasa la tatu kwa bunduki, atazoea. Na vikivuja njiani, viacheni vivuje.