Flashi ya Kamati ya Mazishi

Muulize mtu yeyote wa Werugha, huku kwenye milima ya Taita, ni nani anayeweza kumvamia kwenye kompyuta yake, naye atakusimulia habari za kijana wa ng'ambo aliyejifunika kofia ya sweta, amejifungia chumba chenye giza. Kijana huyo yupo, simkatai. Ila sioni kwa nini tumtwike lawama zote wakati mharibifu mkuu wa laptopu za huku juu, zilizojaa mitihani ya shule za msingi na nyimbo za injili, ni adabu yetu wenyewe. Hatujui kumnyima mtu. Anayeomba kuchomeka flashi hakataliwi, kama vile aliyebisha hodi wakati wa chakula hakataliwi.

Ifuate flashi ya kamati ya mazishi uone. Inaanzia kwa mpwa wa marehemu aliyeandika wasifu, inapelekwa kwa mwalimu aunyoshe Kiswahili, inapita kwa jirani aliyehifadhi picha za harusi, kisha inapanda matatu kushuka Wundanyi ikachapishwe. Saiba ya kwanza wino umeisha, saiba ya pili stima zimepotea, ya tatu kuna foleni. Kote huko imechomekwa bila swali, maana ni nani atakayethubutu kuuliza usafi wa flashi ya msiba? Mkesha wa mazishi inafunguliwa, na folda ya picha ina kamshale kwenye kona, uzito wake kilobaiti mbili. Maisha ya mzee mzima, wajukuu na ng'ombe wake wote, kilobaiti mbili! Picha hazijafutwa. Kirusi kimezificha na kuweka njia ya mkato yenye jina lile lile, na ukiibofya kinaamka kwanza, kisha kinakufungulia picha ili usishuku kitu. Kama ni ustaarabu, hata chenyewe kinao.

Wala si mambo ya milimani tu. Brain, kirusi cha mwaka 1986 kilichotoka Lahore, Pakistan, kilienea kwa diski zilizopita mkono kwa mkono, na ndugu wawili waliokitunga waliandika humo majina, anwani na namba zao za simu. Siku hizi hatupati heshima hiyo. Stuxnet, kilichogunduliwa 2010, kilitengenezwa kiweze kusafiri kwa flashi ili kifikie mitambo ya nyuklia ya Natanz, Iran, ambayo haikuunganishwa na intaneti. Ikiwa mitambo inayolindwa na wanajeshi iliingiliwa hivyo, saiba yenye mlango wa bati itajitetea kwa lipi?

Wapo watakaosema: sisi ni nani hata tutafutwe? Kweli, hatutafutwi. Programu hasidi ya WannaCry nayo, Mei 2017, haikumtafuta mgonjwa yeyote wa Uingereza kwa jina, lakini hospitali zilirudisha watu nyumbani kwa sababu kompyuta zilikuwa zimefungwa zikidai fidia. Ilichotafuta ni tundu lisilozibwa, na Microsoft ilikuwa imetoa kiraka chake tangu Machi. Hapa nakubali jambo moja: masasisho yanakula bando, na mtu anayepima bando kwa shilingi ana haki ya kununa. Basi ayapakue penye Wi-Fi ya bure, badala ya kuyazima mwaka mzima kisha atumie bando lile lile kwa filamu.

Wengine hujitetea kwamba wana antivirasi. Windows ya siku hizi huja na ya kwake, tena bila malipo, na hufanya kazi vizuri hadi siku mwenyewe anapotaka Office ya bure. Hapo analeta kraki, yaani programu ya kuvunja leseni, na maagizo ya kraki mara nyingi huanza hivi: zima ulinzi kwanza. Naye anauzima! Wazee wa Kitaita walikuwa na fighi, misitu mitakatifu iliyoaminiwa kumzuia adui asiingie mjini. Sijasikia mzee aliyeifyeka kwa sababu adui ameomba nafasi ya kupita.

Pingamizi lenye uzito ni la heshima: utamwambiaje baba mkwe kwamba flashi yake ni chafu? Humwambii. Mwombe atume wasifu kwa WhatsApp, umsifu kwa kwenda na wakati. Ukienda saiba, beba flashi yenye faili moja tu, ile ya kuchapishwa, na nakala ibaki nyumbani. Ukirudi, ifomati kabla hujafungua chochote. Ukifungulia WhatsApp kwenye kompyuta ya saiba, toka kabisa kabla ya kulipa, la sivyo anayekufuata kwenye foleni atasoma nani hajatoa mchango wa mazishi, na hilo litafika Mwatate kabla ya matatu.