Pesa za Kijani Kanda ya Dhahabu: Sita Hadi Moja

Mimi Mzaramo, na Wasukuma ni watani zangu. Atakayekasirika anajua pa kunikuta: kwenye msiba wetu. Nimeupanga uwekezaji wa kijani wa Shinyanga na Geita, kuanzia unaonipa shaka hadi ule ninaouvulia kofia.

6. Mti wa mgeni rasmi. Unapandwa saa nne asubuhi, una kibao chenye jina na cheo. Saa kumi mbuzi anapita. Mbuzi hasomi vibao.

5. Shimo la Buzwagi, Kahama. Mgodi ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009, uzalishaji ukakoma 2021, na sasa panageuzwa eneo maalumu la kiuchumi ili viwanda viingie walikotoka wachimbaji. Wazo zuri, maana kwingine mgodi ukifungwa hubaki shimo na hadithi za waliotajirika. Naliweka namba tano mpaka nione moshi. Samahani, kijani: mpaka nisione moshi.

4. Jua la Kishapu. Wilaya hii ndiyo yenye Mwadui, ilikopatikana ile almasi ya waridi mwaka 1947, ikaenda Uingereza kuwa zawadi ya arusi ya Binti Mfalme Elizabeth. Jua, namshukuru Mungu, hatujamzawadia mtu. TANESCO inalitegea mitambo ya megawati 150, ikianza na 50, kwa mkopo nafuu wa Wafaransa. Sasa mtu wa Kishapu anaweza kulilaani jua la Oktoba huku akijua liko kazini.

3. Hatifungani ya Kijani. Mwaka 2023 benki ya CRDB iliomba bilioni 40, ikaletewa bilioni 171.8. Riba asilimia 10.25 kwa mwaka, miaka mitano, kuanzia shilingi 500,000. Nikampelekea habari mzee mmoja mfugaji.

"Inazaa?"

"Inazaa, babu. Kumi nukta mbili tano kwa mia."

"Ng'ombe wangu huzaa ndama mzima."

Nikamkumbusha kuwa hatifungani haifi kwa ukame. Akauliza kama inapokelewa kwenye mahari. Nikaaga.

2. Beseni la shemeji. Shemeji yangu anachimba Lwamgasa, Geita. Nimemtazama kazini: mawe yanapita kwenye karasha, unga wake unaoshwa juu ya magunia, halafu anamwaga zebaki kwenye beseni na kukanda kwa mkono mtupu, kama mama ntilie na unga wa maandazi. Anakamua kwa kitambaa, linabaki donge linalong'aa kama jicho la samaki, analichoma juu ya mkaa. Moshi wake, dhahabu ya broka.

Kinachoniuma ni mchanga anaouacha. Zebaki hushika sehemu tu ya dhahabu. Iliyobaki imo kwenye marudio, na marudio huyanunua mwenye mtambo wa sayanaidi. Anayevuta moshi anakohoa, anayenunua mchanga anapandisha ghorofa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, lakini mkataba hausagi mawe. Ndiyo maana vituo vya mfano vya STAMICO, shirika la madini la taifa, pale Lwamgasa na Katente vina maana kuliko semina kumi: sayanaidi ipo, ila imefungiwa ndani ya matangi, zebaki haigusi mkono wa mtu, na teknolojia ya aina hiyo inaweza kutoa zaidi ya asilimia 90 ya dhahabu iliyomo. Hapa kijani hakihitaji mahubiri, kinaongea kwa gramu.

Sasa shemeji naye anataka mtambo wake. Benki ikamuuliza dhamana. Akataja duara lake, yaani shimo analochimba. Lina dhahabu? Mungu anajua. Mungu hasaini fomu za mkopo.

1. Ngitili. Wakoloni walifyeka miti kumfukuza mbung'o, pamba ikafyeka iliyobaki, ng'ombe wakamalizia. Kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa ikiitwa jangwa. Mwaka 1986 ukaja mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ukafanya jambo la akili ambalo wataalamu hulifanya kwa nadra: ukawauliza wenyeji. Wenyeji wakasema, tuna ngitili. Masika yakianza unafunga kipande cha malisho. Kiangazi kikikaza, nyasi za kwingine zimekwisha, unafungua. Mtaji, muda wa kusubiri, gawio. Soko la hisa la Dar es Salaam lilikuwa halijazaliwa.

Zilikuwa zimebaki hekta kama 600 za ngitili. Mradi ulipofungwa mwaka 2004 zilipita 300,000, katika vijiji 833, na kuni, asali na dawa zikarudi pamoja na nyasi. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeshaupa mradi huo tuzo ya Ikweta mwaka 2002. Ukiingiza ng'ombe kabla ya wakati huandikiwi barua na mamlaka ya masoko ya mitaji; unaitwa mbele ya dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, na sungusungu, walinzi wa kijiji, wanajua unapolala.

Nilimuuliza mwenye ngitili mmoja kama ana hati ya uwekezaji wake. Akasema anayo, tena nimeikanyaga, nitoke.