Ukikabidhiwa Funguo Muscat

Umewasili Oman kutoka Unguja au Dar es Salaam, na mjomba amekukabidhi funguo za gari. Kwanza utafungua mlango wa kulia, ukute hakuna usukani. Usione haya. Funga, zunguka, kaa kushoto, kisha endesha upande wa kulia wa barabara.

Mtihani wa kweli ni kipilefti. Kwetu tunampisha anayetoka kulia. Huku mpishe anayetoka kushoto, nawe uingie kwa kukata kulia. Macho yaliyozoea Kariakoo yatatazama upande usio na gari, kwa hiyo yalazimishe.

Usimngoje dereva wa mbele akuwashie taa kukuonya kuwa kuna trafiki. Mwendo unalindwa na kamera, na kamera haibembelezeki. Faini huandikwa kwa namba ya gari, kwa hiyo ukikimbia na gari la mjomba, yeye ndiye atakayedaiwa. Barabara kuu nyingi zinaruhusu kilomita 120 kwa saa. Zinatosha! Ukimulikwa kutoka nyuma ukiwa njia ya kushoto kabisa, rudi kulia umpishe mwenye haraka zake.

Safari ya Muscat hadi Salalah inakaribia kilomita 1,000, sehemu kubwa ikiwa jangwa. Jaza tangi kila upatapo kituo, beba maji, na usingizi ukikujia simama nje ya barabara ulale. Usiku kuna ngamia. Miguu yake ni mirefu, hivyo ukimgonga, kiwiliwili kinaangukia kioo cha mbele, palipo na kichwa chako. Ukimwona mmoja, amini wengine wako nyuma yake. Na kati ya Juni na Septemba, msimu wa kharifu, milima ya Dhofar huko Salalah hufunikwa na ukungu mzito. Punguza mwendo mpaka uone unakokwenda.

Mlima wa Jebel Akhdar upande na gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Pale chini kuna kizuizi cha polisi, na gari dogo litarudishwa hata ukiapa. Aliyeshuka mlima Kitonga kule kwetu anajua jinsi ya kuteremka: gia nzito, wala usikalie breki.

Lakini linalonitia hofu kuliko yote ni wadi. Utaliona bonde kavu, barabara imelikatiza, jua linawaka. Mvua ikinyesha milimani, mbali na macho yako, maji hushuka kwa ghafla na kusomba hata gari kubwa. Watakuwapo vijana ukingoni wakijaribu kuvuka huku wenzao wanarekodi kwa simu. Usiwafuate. Kulivuka wadi lililojaa ni kosa kisheria, na limeshaua familia nzima ndani ya gari moja. Zima injini, kaa mahali pa juu, subiri saa nyingi ikibidi. Mjomba atakungoja na chakula chako.

Na kabla hujaondoa gari, hifadhi namba ya dharura kwenye simu yako: 9999.