Muulize Mjomba wa Rafu: Goku Hapangi Foleni

Barua za wiki hii ni nyingi na zote zina ugonjwa mmoja. Mtu kanunua midoli, kaijaza rafuni mpaka mlango wa kioo haufungi, sasa anashangaa mbona sebule yake imegeuka duka la jumla la Kariakoo. Nitawajibu kwa zamu. Ambaye hatajibiwa asinune. Huenda aliambatanisha picha, na picha ndiyo iliyonifanya nishindwe kuendelea kusoma.

*Mjomba, shikamoo. Nina sanamu 62 za wahusika wa katuni za Kijapani. Nimezipanga kwa urefu, mstari nyuma ya mstari, wafupi mbele. Lakini wageni wakiingia wanaangalia televisheni tu, hata ikiwa imezimwa. Nimekosea wapi? — Mwenye Jeshi, Tabata*

Marahaba, mpwa wangu. Umezipanga kama wanafunzi paredini Jumatatu asubuhi, na jicho la mgeni limefanya kile ambacho jicho lolote hufanya mbele ya paredi: limetafuta pa kukimbilia.

Tandika mkeka. Zishushe zote 62, usibakize hata moja, kisha futa rafu na uitazame ikiwa tupu kwa dakika tano. Najua inauma. Halafu chagua 20. Nimesema 20, mpwa, usianze kunipigia mahesabu ya 35. Zilizobaki zifunge kwenye karatasi laini, ziingie kwenye boksi lenye orodha juu yake, na baada ya miezi mitatu wabadilishane zamu. Hazijafukuzwa, ziko likizo.

Wazee wa Lamu walilijua hili kabla plastiki haijazaliwa. Ingia katika nyumba zile kongwe za mawe, pita kumbi mpaka chumba cha ndani kabisa, utakuta ukuta mzima umejengewa zidaka: vishubaka vya chokaa iliyonakshiwa, safu juu ya safu. Humo zilikaa bakuli na sahani za kaure, nyingine zimevuka bahari kutoka China. Chombo na nyumba yake, kivuli chake kimekizunguka. Hakuna bibi wa Lamu aliyebananisha sahani nane ndani ya kidaka kimoja kwa sababu eti alizipata kwa bei ya kutupa.

Sasa vimo. Kwenye picha yako nimeona Nendoroid, wale wenye vichwa vikubwa na urefu wa sentimita 10 hivi, wamesimama miguuni pa jitu la sentimita 30. Umetengeneza picha ya mtoto aliyepotea sokoni. Wa kimo kimoja wakae pamoja, au kama lazima wachanganyike, wadogo wapande juu ya kitu. Kitu chenyewe si lazima kiagizwe ng'ambo. Kopo la maziwa lililovikwa karatasi nyeusi linatosha, na fundi seremala yeyote ana vipande vya mbao anavyotaka kuchemshia chai. Aliye nyuma aonekane kuanzia kifuani kwenda juu. Ukiona nywele tu, ngazi haijatosha.

Wajapani wenyewe, unaowanunulia, ni mabingwa wa ngazi. Sikukuu yao ya wasichana huwa tarehe 3 Machi, na seti kamili ya midoli yake hupangwa kwenye ngazi saba zilizofunikwa kitambaa chekundu: mfalme na malkia peke yao juu kabisa, chini yao wajakazi watatu, kisha wanamuziki watano, mawaziri wawili, watumishi watatu, na ngazi mbili za mwisho ni za samani na magari. Midoli 15, na hujiulizi hata mara moja nani mkubwa na nani mtumishi. Wanaamini pia kwamba ukichelewa kuishusha baada ya sikukuu, binti wa nyumba hiyo atachelewa kuolewa. Habari hii usimwambie mama watoto ikiwa mna binti na midoli yako iko hapo juu tangu mwaka 2019.

La mwisho, wageuze. Wote 62 wanatazama mbele kama wanasubiri picha ya pasipoti. Goku hapangi foleni. Mgeuze kidogo amtazame Vegeta, waachie upana wa kiganja katikati, na mgeni wako atasimama kuuliza nani kamkosea nani. Ukishafika hapo, televisheni imeshindwa.

*Mjomba, mume wangu ana Funko Pop 140, zote ndani ya maboksi, zimepangwa mpaka zimeziba dirisha la sebule. Nikisema neno anajibu kwamba hiyo ni akiba yetu ya uzeeni. Nimwamini? — Mke wa Mwekezaji, Kimara*

Pole, mama. Kaa kitako.

Machi 2023 kampuni ya Funko yenyewe, huko Marekani, ilitangaza kwamba ingetupa bidhaa zilizoijazia maghala, zenye thamani ya kati ya dola milioni 30 na 36. Gharama ya kuzihifadhi ilikuwa imeielemea. Sasa mweleze mumeo taratibu, baada ya chakula, kwamba mwenye kiwanda aliona heri jalala, naye ameona heri dirisha lako.

Atakujibu kuhusu Boba Fett. Wote hujibu kuhusu Boba Fett. Ni kweli, mfano mmoja wa majaribio wa mdoli huyo wa Star Wars, mwenye roketi ya kufyatuka mgongoni, uliuzwa mnadani Marekani mwaka 2024 kwa zaidi ya dola 500,000. Lakini ule haukuwahi kufika dukani. Roketi yake ilitia hofu kwamba ingewadhuru watoto. Bei iko kwenye uhaba. Mdoli ambao dereva wa bodaboda anaweza kukuletea kesho kabla ya saa sita mchana si adimu.

Mapenzi ya boksi nayo yana historia ya kuchekesha. Filamu ya kwanza ya Star Wars ilipotoka Mei 1977, kampuni ya midoli ya Kenner haikutarajia kishindo kile, na Krismasi ikafika haina mdoli hata mmoja wa kuuza. Wakauza bahasha ya kadibodi yenye picha na hati ndani: mtoto aitume kwa posta, naye angeletewa Luke, Leia, Chewbacca na R2-D2 mwaka uliofuata. Watoto wa Marekani waliamka siku ya Krismasi wakafungua ahadi. Wanne hao hata mimi ninao. Wangu si wa mwaka 1978, mniwie radhi, ni wa matoleo ya baadaye, na niliwatoa kwenye boksi siku ileile, mbele ya mashahidi.

Hukumu yangu ni hii. Achague maboksi 12 anayoyapenda kweli, yakae rafuni mbali na dirisha, kwa sababu jua linafubaza rangi ya boksi na kuigeuza plastiki nyeupe kuwa ya njano kama meno ya mvuta tumbaku. Yaliyobaki ayafungue au ayauze. Wewe funika dirisha kwa pazia. Ya uzeeni yazungumzeni benki.

*Asalaam aleikum, Mjomba. Mama mkwe amekuja kututembelea, akaiona Labubu yangu kwenye rafu ya chumba cha wageni. Kasema lile ni jini na mimi nimelikaribisha. Siku ya tatu leo anafukiza udi humo. Nifanyeje, na sanamu imeniponza na pesa nimetoa? — Mkaza Mwana, Mombasa*

Waaleikumu salaam, mwanangu. Nataka nikucheke lakini nami nina mama mkwe.

Kwanza asili ya kiumbe. Labubu alichorwa na Kasing Lung, msanii aliyezaliwa Hong Kong na kukulia Uholanzi, akamtoa vitabuni mwaka 2015 kwa kuchota kwenye ngano za viumbe wa misituni za Ulaya ya Kaskazini. Kwa hiyo mama mkwe hakukosea sana. Si jini, lakini ni binamu wa mbali. Mwambie pia kwamba Juni 2025, mnadani Beijing, Labubu mmoja wa kimo cha mtu alinunuliwa kwa yuan milioni 1.08. Ukishamwambia hilo, ufunge mlango wa chumba hicho kwa ufunguo, maana maoni yake yanaweza kubadilika ghafla.

Pili, mhesabu meno. Labubu halisi ana meno tisa. Ukipata kumi na moja, au masikio yamekaa upande, basi umeuziwa bandia, na mama mkwe ameona mbali kuliko wewe.

Tatu, moshi. Udi unanukia lakini moshi wake una mafuta, na mafuta yakitua kwenye manyoya yanakaribisha vumbi, kisha vyote viwili vinakuwa wapangaji wa kudumu. Mtoe Labubu humo leo hii. Na hata kama udi usingekuwepo, chumba cha wageni hakipambwi kwa kitu chenye macho makubwa kinachomtazama mtu mzima akivua kilemba. Ampishe bibi. Mpeleke kwenye rafu yako ya kazi, kimo cha macho, peke yake na kitu kimoja cha rangi iliyopoa pembeni, labda kikombe cha kalamu. Yeye ana makelele ya kutosha.

Suala la kama sanamu zinafaa kuwekwa ndani ya nyumba au hazifai, hilo kamuulize shehe wenu. Mimi nimesomea rafu.

*Mjomba, nimerithi kinyago cha shetani cha mpingo kutoka kwa babu. Nataka nikiweke kabatini pamoja na Darth Vader wangu, kwa sababu wote weusi. Wataelewana? — Mjukuu, Mtwara*

Hawataelewana, na mwenye kosa atakuwa Vader.

Vinyago vya mtindo wa shetani vinatajwa kuanza miaka ya 1950 kwa mchongaji Mmakonde aliyeitwa Samaki Likonkoa. Jicho moja, mdomo umepinda, mkono umeota pasipo na bega. Hakuna viwili vinavyofanana, kwa sababu mchongaji anaufuata mti unakotaka kwenda. Vader wako ametoka kwenye kalibu pamoja na ndugu zake maelfu. Ukiwasimamisha bega kwa bega, shetani ataonekana ana roho na Vader ataonekana ana kofia.

Tena mpingo ni mzito mno, ukiutia majini unazama. Usikiweke kwenye rafu ya kioo, utaokota vipande. Kikae chini kabisa ya kabati au juu ya stuli yake imara, mbali na jua na mbali na kiyoyozi, maana mpingo ukikaushwa ghafla hupasuka. Na kwa kuwa ni cheusi, nyuma yake bandika karatasi ya manila ya krimu au kitambaa cha marekani. Cheusi mbele ya ubao wa kahawia iliyoiva ni shimo tu, hakionekani.

Usije ukakitumbukiza kwenye ndoo ili kukijaribu. Nakujua. Anayeshuku kwamba kauziwa mti mweupe uliopakwa dawa ya viatu akikwangue kidogo kwenye kitako, kusikoonekana.

Vader mpeleke rafu ya juu. Akiwa peke yake ni mtu wa heshima zake.

*Mjomba, vumbi!* — Brashi laini ya poda, mpya, usiichukue ya mkeo. Unaanzia kichwani kushuka.

*Mjomba, sanamu zangu zinanata kama zimepakwa asali.* — Plastiki yake inatoa jasho. Vilainishi vilivyochanganywa humo vinatoka kwa joto, hasa kabati likifungwa muda wote. Zioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, zikauke kivulini, na mlango wa kabati uwe unafunguliwa zipate hewa. Siyo lazima umwite mganga.

*Mjomba, sanamu yangu imeinama mguu, inaelekea kuanguka.* — Joto letu hilo tena. Mguu uloweke kwenye maji ya moto kwa muda mfupi, ulainike, uunyooshe kwa vidole, kisha uutumbukize kwenye maji ya baridi ushike. Maji ya moto, sijasema sufuria jikoni.

*Mjomba, mtoto wa miaka miwili anavunja kila kitu cha rafu ya chini.* — Rafu ya chini ni yake. Mpe.

*Mjomba, toleo lililopita ulitoa picha ya rafu yako. Tumeona kati ya Leia na Chewbacca kuna nafasi tupu nzuri sana, inavuta jicho. Ni mtindo gani huo na unapimwaje? — Wapenzi wa Rafu, Nairobi*

Si mtindo. Hapo palikuwa pa R2-D2.

Siku ya Idi tulikuwa na wageni kumi na saba, wakubwa kwa watoto, na pilau ililiwa karibu kabisa na kabati. Walipoondoka hesabu haikutimia. Kimo chake ni kama cha kidole cha shahada, mweupe na buluu, mguu wa kushoto unalegea. Aliyenaye, au mzazi wa aliyenaye, amweke kwenye bahasha na kumwacha mapokezi hapa ofisini. Halitaulizwa jina.