Njia ya Kwenda Kwenye Mataa

Tangu mpwa wangu atangaze kwamba anataka kusomea taa za jukwaani, ukoo mzima umegeuka bodi ya mikopo. Angetaka uhasibu, tungemtakia kheri na kurudi kwenye chai yetu. Lakini taa! Shangazi yake alidhani ni zile za sola. Mama yake, yaani dada yangu, alidhani amerogwa. Baba yake mkubwa, ambaye hajakanyaga ukumbi wa maigizo tangu enzi za chama kimoja, akauliza: "Sasa hiyo si kubonyeza swichi tu? Mbona pale ukumbini kwetu mlinzi anabonyeza bure?"

Mimi ndiye mjomba, na kwa kuwa naandika gazetini nikatwishwa kazi ya kutafuta njia. Ukiwa mwandishi, ndugu wanaamini unajua kila kitu isipokuwa namna ya kupata pesa.

Njia ya kwanza, iliyotajwa na kila mtu mwenye kikombe mkononi, ni shahada. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960, na sina neno baya nacho. Binti atasoma tamthilia, atachambua Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, mpaka ajue mganga asimame wapi maji yanapogawiwa. Cheti kitatundikwa sebuleni, mama mtu apate usingizi. Wasiwasi wangu ni mmoja. Katika darasa la maigizo kila mwanafunzi anataka kusimama pale taa inapopiga. Anayekubali kukaa nyuma ya taa ni mmoja, na mara nyingi huteuliwa kwa sababu kwao kuna ngazi.

Ya pili ni Bagamoyo. Chuo cha Sanaa kilianza pale mwaka 1981, leo kinaitwa TaSUBa, na kina jambo moja ambalo vyuo vingi vinalisimulia tu: jukwaa la kweli, kubwa, na watu wanaolitumia. Nilipolitaja hilo dada yangu akashika kichwa. "Kaka, yaani mwanangu akapige ngoma?" Nikamwambia hatapiga, ataimulika. Mcheza ngoma haambiliki asimame kwenye alama ya chaki. Atakwenda mbiombio upande wa kushoto, na wewe juu huko uwe umeshajua anakwenda. Dada hakuridhika. Nami nikaona nisilazimishe, maana pilau ilikuwa bado haijapakuliwa.

Ya tatu aliileta binti mwenyewe kwenye simu. Marekani, katika Chuo Kikuu cha Yale, shule ya maigizo ilifuta ada mwaka 2021 kwa wanafunzi wake wote. Ukoo ukasikia neno moja tu: bure. Baba mkubwa akaanza kutaja nani atampeleka uwanja wa ndege. Hakuna aliyetaka kusikia kwamba nauli haikufutwa, wala kwamba wanaopokelewa kusomea taa huja na kazi walizokwisha kuzifanya. Na huko ndiko alikofundisha Stanley McCandless, yule ambaye kitabu chake cha mwaka 1932 kiliwafundisha watu kugawa jukwaa katika maeneo, na kila eneo kulipa taa mbili kutoka juu, kulia na kushoto, kila moja kwa pembe ya nyuzi 45, moja yenye rangi ya joto na nyingine ya baridi. Nzuri sana. Jukwaa la maeneo sita linataka taa 12 kabla hujafikiria pazia la nyuma. Ukumbi niuzoeao mimi una taa mbili, na moja inawaka ukiipiga kofi.

Hapo ndipo nilipowaambia: mpelekeni chuo cha ufundi, VETA, akasomee umeme.

Kimya kikatanda. Ungedhani nimependekeza akauze figo. Lakini nilikuwa na ushahidi. Niliwahi kuhudhuria onyesho katika ukumbi mmoja hapa mjini, siutaji, ambako mwongozaji, msomi mwenye shahada zake, alichomeka taa tano kubwa za wati 1,000 kwenye ekstensheni moja. Hesabu yake ni ya darasa la saba: kwa umeme wetu wa volti 230, taa moja ya namna hiyo inakula zaidi ya ampea nne. Tatu tu zimeshaipita fyuzi ya ampea 13. Yeye akaweka tano. Katikati ya msiba wa onyesho la pili tukasikia harufu ya plastiki, kisha ukumbi mzima ukawa giza totoro. Watazamaji tukapiga makofi, tukidhani sehemu imekwisha kwa ustadi mkubwa. Mjane jukwaani akaendelea kulia gizani, maskini, maana hakuambiwa kama kilio kimefutwa. Nje watu wakaanza kuwatukana watu wa umeme, na siku hiyo wale hawakuwa na kosa lolote.

"Mjomba," akasema binti, "hizo ni taa za zamani. Siku hizi ni LED, hazili hivyo."

Kweli. Akafungua kompyuta ya kuazima, akanionyesha programu ya bure ya kuongoza taa iitwayo QLC+. Mataa ya kisasa hupewa amri kwa lugha ya DMX512, iliyowekwa mwaka 1986. Waya mmoja unabeba chaneli 512, kila taa ina anwani yake, na ukizipa taa mbili za aina moja anwani moja zitafanana kwa kila kitu, hata usipotaka. Kwenye taa ya mwisho ya mstari huchomekwa plagi yenye rezista ya ohmu 120. Bila hiyo ishara inaweza kurudi nyuma na taa zikaanza kutetemeka bila kuamriwa. Kumbe zile taa za harusini zinazopepesa wakati wa sala huenda si za kisasa zaidi, zimekosa plagi tu.

Nikitaja harusi, hiyo nayo ni njia, na wengi wanaofanya kazi hii hapa wamepita huko: kampuni za kukodisha mataa na muziki. Malipo ya kuanzia ni nauli na sahani. Utajifunza kuviringa waya bila kuuvunja, kupanda juu bila kuanguka, na kufunga taa kwa mnyororo wa usalama ili isimshukie mgeni rasmi. Hutajifunza kutulia. Kwenye harusi taa isipozunguka mwenye shughuli anadhani imeharibika, na hakuna anayekukemea ukimpiga bibi harusi rangi ya kijani mpaka anakuwa kama papai bichi. Mchezo wa kuigiza unataka taa ikae palepale dakika kumi, kisha ipungue polepole mtazamaji asijue kwa nini ameanza kuhuzunika. Hilo halifundishwi VETA wala harusini. Hufundishwa kwenye mazoezi, jioni baada ya jioni, ukiwatazama waigizaji na tamthilia iko mapajani.

Basi uamuzi wangu ni huu: umeme kwanza, harusi wikiendi, mazoezi ya kikundi chochote jioni. Bagamoyo au chuo kikuu baadaye, akiwa tayari anajua anachokwenda kuuliza. Dada yangu akauliza kama VETA wanatoa cheti. Wanatoa. Na maigizo yakimkataa atafunga nyaya kwenye nyumba za watu. Akatabasamu. Baba mkubwa naye akakumbuka kwamba taa yake ya barazani haiwaki tangu Ramadhani.

Nanyi waongozaji, nawaomba: mwiteni fundi wa taa siku ya kwanza ya mazoezi, msimwite saa kumi jioni siku ya onyesho. Andikeni ujira wake kwenye bajeti kabla ya maji ya chupa ya meza kuu. Na ngazi nunueni yenu.